Kabla Jibu Halijatokea

Mtoni, 14/2/2025

Shikamoo Mwalimu Vaileth.

Samahani naandika nyuma ya hii fomu yenu ya kila wiki. Karatasi ingine ilikuwepo ila haikuwa yangu. Mie naitwa Jamali, ndo nakaaga na darasa la nne huku Mtoni kwenye vipindi vyako vya hesabu vya tivii.

Fomu inasema kama kipindi hakijaisha tueleze. Kipindi cha sita hakijaisha. Jumatano umeme ulikatika, inverta ya betri ikashika, ila tivii ilivyowaka picha ikaganda. Flashi yenye vipindi ilikuwa imelegea. Imeganda pale unapouliza kipi kikubwa, theluthi moja au robo moja. Umenyoosha kidole, jibu bado halijatokea. Nikahangaika na ile flashi kama dakika nne hivi. Nilivyogeuka nikakuta watoto wote mia na thelathini na nane wamekaa kimya na kalamu mkononi, hakuna aliyeandika. Nikauliza mbona hamwandiki. Mmoja akanijibu, "Jibu halijatoka."

Nikadhani wananitania. Hawa kila siku wanapata zote, madaftari yao ni vema tupu. Na ukiwauliza kwenye tivii kama wameelewa wanasema ndiyooo mpaka mabati yanalia. Basi jana nikakaa nyuma nikawaangalia vizuri. Kumbe wanaandikaga jibu likishatoka. Wa mbele wanaandika, wa nyuma wanachungulia wa mbele. Na ile ndiyo wanaifuata ya wale watoto wako wa kwenye video, tena wengine wanaisema wewe hujamaliza kuuliza.

Fomu ya wiki iliyopita iliandikwa waliopata 138 kati ya 138. Si uongo, wameandika sawa. Ila nimeona nikuambie na hili.

Namba yako sina, na ningekuwa nayo nisingepiga. Kwenye simu maneno yananikimbia. Bahasha ya fomu anaichukua Polikarpo dereva wenu akituletea flashi mpya, nimeitia humo.

Ni mie,
Jamali


Kinondoni, 21 Februari 2025

Mwalimu Jamali,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni mwa studio, na siku hiyo nilirekodi vibaya hadi wakanirudisha mara tatu.

Tunapeleka vipindi kwenye shule kumi na saba. Kila Ijumaa fomu kumi na saba zinarudi na zote zinasema watoto wamepata. Sijawahi kupata iliyoandikwa nyuma.

Naomba unifanyie jambo moja. Kwenye kipindi cha saba, simamisha video kwa makusudi kila ninapouliza, kabla jibu halijatokea. Wape dakika mbili. Usiwasaidie. Halafu uniandikie ulichokiona, si ulichokitarajia.

Usihangaike na simu. Yangu huzimwa kutwa tukirekodi. Anayeandika namna hii aendelee kuandika.

Na flashi inayolegea irudishe, nitakupatia nyingine.

Wako katika kazi,
Mwl. Vaileth Mwakasege


Mtoni, 28/2/2025

Shikamoo mwalimu.

Flashi sijairudisha. Haikuwa flashi, ilikuwa sehemu ya kuchomekea kwenye tivii. Nimeilehemu na risasi kidogo, sasa imekaza.

Nimefanya ulivyosema. Nilianza kwa kurudia lile swali la theluthi na robo, maana ndo lilikuwa limeniganda mie pia. Nimesimamisha. Dakika ya kwanza walinitumbulia macho. Wakaanza kusema tivii imeharibika. Nikawaambia haijaharibika, andikeni mnavyofikiri. Yakaanza manung'uniko, unajua mtoto aliyezoea kupewa. Nikapita katikati ya madawati. Karibu wote wameandika robo. Nikahesabu, walioandika theluthi ni tisa.

Nikauliza kwa nini robo. Wakasema nne ni kubwa kuliko tatu. Mwingine akasema robo anaijua, anatumwaga dukani sukari robo, ila theluthi hajawahi kutumwa. Nikaona wana hoja. Hata mie kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika robo.

Basi sikubonyeza rimoti. Nikauliza wale tisa. Nane wakasema wamebahatisha tu. Wa tisa ni Bupe, binti mdogo anakaa dirishani, mama yake anauza chapati pale kituoni. Akasema, "Chapati moja mkiila watatu, akija mtu wa nne kipande chako kinapungua." Halafu wakaanza kubishana, kila mtu anakata chapati hewani. Ilikuwa kelele mpaka Mwalimu Benson akatoka darasa la tatu akachungulia dirishani. Nikajua nitafokewa. Alitazama akarudi.

Nilivyobonyeza likatokea theluthi. Hawakusema ndiyo. Walipiga makofi, sijui walikuwa wanampigia Bupe au wewe.

Ishu ni moja, dakika zote zimeishia kwenye swali hilo. Kipindi cha saba tumekifikisha nusu.

Jamali


Kinondoni, 7 Machi 2025

Mwalimu Jamali,

Nimeisoma barua yako kwa wenzangu hapa ofisini. Mmoja akauliza, huyu alisoma chuo gani? Na mimi nakuuliza. Haya ya kusubiri mtoto afikiri, ya kuuliza "kwa nini" hata pale alipopata, tuliyaandika sote kwenye madaftari yetu ya chuo. Nikienda madarasani siyaoni. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni lile la kuandika robo kwenye daftari lako mwenyewe. Mwalimu anayekubali kujifanya hajui mbele ya watoto amekomaa. Mimi ilinichukua miaka kumi.

Tena unajua na kulehemu. Kwetu hapa tivii ikizima tunaita watu watatu.

Wapo wanaolalamika kwamba Mtoni mko nyuma. Ratiba inataka vipindi vitatu kwa wiki. Niachie mimi hilo. Endelea kusimamisha, na kila Ijumaa niandikie mahali walipokwama.

Huyo Bupe mpe pongezi zangu. Chapati yake nimeiingiza kwenye kipindi cha kumi na nne badala ya keki. Sijui nani alinishauri keki.

Mwl. Vaileth


Mtoni, 21/3/2025

Shikamoo mwalimu. Samahani wiki iliyopita sikuandika. Tumefunga Ramadhani, jioni mtu anakuwa hana maneno.

Bupe nimempa pongezi. Hakuamini kwamba mtu wa kwenye tivii anamjua. Wenzake sasa wanamwita Chapati, anakasirika kidogo ila si sana.

La chuo tuliache kwanza.

Wamekwama hapa. Kipindi cha nane, kujumlisha nusu na robo. Ukisimamisha, wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wanapata mbili chini yake sita. Nikawauliza mbili ya sita ni kubwa kuliko nusu au ndogo. Mmoja, Deogratias, yule haandikagi kitu mpaka aone kwa jirani, akasema itakuwaje ujumlishe halafu upate pungufu. Hakujua jibu, ila alijua kuna kitu hakijakaa sawa. Nimemwandika hapa kwa sababu tangu mwezi wa kwanza sijawahi kusikia sauti yake.

Kitu kingine nimekiona. Ile ndiyo imepungua. Sasa ukiuliza kwenye tivii mmeelewa, watoto wako wa kwenye video wanajibu peke yao, wangu wananiangalia mie.

Mwalimu Benson anasema tunachelewa, mtihani wa wilaya hautasubiri. Si mtu mbaya. Ana darasa la tatu upande wa pili wa ukuta, halina mwalimu tangu mwaka jana, anakimbia huku na huku.

Nina swali. Watoto wameuliza. Theluthi mbili na robo tatu, kipi kikubwa? Ile ya chapati haisaidii, kila upande vimebaki vipande. Ukipata nafasi nieleze kwa kuchora.

Jamali


Kinondoni, 4 Aprili 2025

Mwalimu Jamali,

Eid njema, ijapokuwa imepita.

Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili. Usiangalie vipande ulivyonavyo, angalia kinachokosekana ili chapati iwe nzima. Theluthi mbili imekosa theluthi. Robo tatu imekosa robo tu. Waambie watoto ni swali zuri.

Sasa habari kubwa. Tarehe 9 Mei wakuu wa mradi watakuja Mtoni kuangalia darasa lako. Watakuja na walimu wawili kutoka kila shule, waone unavyosimamisha. Nimeshaandika jina lako kwenye ripoti. Nahitaji cheki namba yako ya utumishi, nakala ya cheti cha ualimu, na mwaka ulioajiriwa. Vitie kwenye bahasha ya Ijumaa ijayo.

Mwl. Vaileth


Kinondoni, 11 Aprili 2025

Mwalimu Jamali,

Bahasha ya leo imekuja na flashi na fomu, bila barua wala vyeti. Labda hukuwa na la kuniandikia, kwa kuwa jana nilikuja mwenyewe.

Sikukuarifu. Nilimwomba Polikarpo anipitishe Mtoni tukitoka Temeke. Sikukukuta. Mwalimu Benson ndiye aliyekuwa mbele ya darasa. Kipindi kilikwenda bila kusimama, watoto wakaandika majibu yalipotokea, na nilipouliza kwenye tivii kama wameelewa, nikajijibu mwenyewe moyoni. Si jambo la kupendeza kujitazama ukiuliza.

Lakini niliona kitu. Kila nilipouliza kwenye tivii, kabla jibu halijatokea, watoto waligeuza shingo kuangalia nyuma. Kama mara sita hivi. Nyuma hapakuwa na mtu ila kijana mmoja aliyeinamia waya za betri. Nilimuuliza ulipo, akaniambia umetoka. Hakuniangalia usoni.

Huyo kijana mtazame. Watoto wanamtegemea kwa jambo fulani.

Bado nangoja vyeti.

Mwl. Vaileth


Mtoni, Jumatatu 14/4/2025

Shikamoo Mwalimu Vaileth.

Mwalimu Jamali hayupo. Hajawahi kuwepo. Yule wa kwenye waya ndo mie.

Ijumaa hii ni Ijumaa Kuu, Polikarpo haji, kwa hiyo nampelekea hii nyumbani kwake Vingunguti. Nikiiweka mpaka wiki ijayo nitaichana. Nimeshachana mbili.

Mie ni fundi. Niko kwa mjomba wangu Mwinjuma, anatengeneza tivii na redio hapa nyuma ya shule. Mwezi wa kwanza mlivyoleta vitu, inverta ikawa inalia tu, walimu wakaja kuniita. Nikafunga, nikawaonyesha. Kesho yake ikalia tena wakaniita tena. Basi ikawa kila kipindi nipo. Mwalimu Benson akaniambia kaa nao, wakizidisha kelele nigongee ukuta. Fomu pale pa msimamizi wa kipindi akasema andika jina lako, si wewe ndo umekaa nao? Nikaandika. Usimwone mtoro. Anafundisha madarasa mawili kwa mshahara wa mtu mmoja, na hakuna siku nimemwona amekaa.

Wewe ukaniita mwalimu. Nilisoma lile neno mara nne. Nikasema barua ijayo nitasahihisha. Barua ijayo ikaja ukaniita tena, na nikaona ukishajua hutaniuliza tena watoto wamekwama wapi.

Shule niliishia darasa la nne, kwetu Nanyamba. Sikufukuzwa wala hatukukosa ada. Nilikuwa nasema ndiyo. Mwalimu akiuliza mmeelewa, mie nasema kwa nguvu kuliko wote, maana anayenyamaza ndo anasimamishwa. Mtihani ulivyokuja ile ndiyo haikuwa na pa kuandikwa. Baba akaona afadhali nikashike kazi ya mikono, nikaletwa Dar.

Uliniuliza nimejifunza chuo gani kusubiri. Sijajifunza. Nilikuwa sijui jibu, mwalimu. Mtu asiyejua jibu atafanyaje, si anasubiri. Ile robo niliyoandika kwenye daftari langu sikujifanya. Nilijua ni robo. Na swali la theluthi mbili na robo tatu hakuna mtoto aliyeuliza. Niliuliza mie.

Alhamisi nilikujua ulivyoshuka tu kwenye gari, sura yako naiona kila siku. Nilitaka kuja kukuamkia. Nikainamia waya. Halafu ukaja mwenyewe mpaka nyuma, ukainama, ukasema, "Samahani mdogo wangu, Mwalimu Jamali nitampata wapi?"

Nikakujibu, "Ametoka."

Bupe alisikia. Ulivyoondoka akaja kuniuliza kwa nini nimemdanganya mgeni. Nikamwambia akafanye hesabu zake. Hajaongea na mie tangu siku hiyo.

Tarehe 9 siwezi. Watu wakija wengi vile hata jina langu nitasahau. Na cheki namba sina, cheti sina, cha la saba chenyewe sina.

Ninachoomba ni kimoja. Nisitolewe darasani. Sisemi niitwe mwalimu, wala nisimame mbele. Tumefika kipindi cha tisa na watoto, na mie niko kipindi hichohicho cha tisa. Nikitolewa sasa hivi, wao wataendelea, mie nitabaki hapo.

Samahani sana kwa kukudanganya.

Jamali Chikoyo


Kinondoni, 25 Aprili 2025

Jamali,

Nilijua. Polikarpo aliniambia hatujafika hata kituo cha Uhasibu: "Mwalimu, Jamali wa pale ni mmoja tu, na umeongea naye." Barua ya tarehe 11 nilikuandikia hivyo makusudi, upate nafasi ya kusema mwenyewe. Ningekuwa na ubaya ningeandika kwa mwalimu mkuu.

Nitakueleza yaliyotokea, yote, kwa kuwa na wewe umenieleza yote.

Niliwaambia wakuu wangu. Nisingeweza kunyamaza, jina lako lilikuwa kwenye ripoti yenye saini yangu. Ziara ya tarehe 9 imefutwa. Mwalimu Benson ameitwa, ameonywa kwa mdomo, anabaki shuleni. Kuhusu wewe walitaka usikanyage tena darasani. Mtu asiye na cheti hawezi kuachiwa watoto mia na thelathini na nane, na nikiwa mwalimu siwezi kusema wamekosea. Nikawauliza inverta ikilia ataitwa nani. Tukafika hapa: utawasha, utazima, utakaa nyuma kipindi kizima kulinda mitambo, na hutazungumza na wanafunzi. Mwalimu Benson atakuwa mbele. Ukivunja sharti hilo sitakuwa na la kukutetea.

Jambo la pili. Niliomba video zote zirekodiwe upya, kila baada ya swali kuwe na dakika mbili za kimya. Wamekataa. Wamesema kioo kikikaa kitupu dakika mbili watu watadhani kimeharibika, na ni muda umepotea. Ratiba imebaki vipindi vitatu kwa wiki. Kwa hiyo kusimamisha kutategemea aliyeshika rimoti, na sasa si wewe.

Na mimi nina langu. Miaka kumi na sita nilifundisha nikiwaona watoto. Miwili hii nafundisha kamera. Fomu za kwanza zilipokuja zikisema 138 kati ya 138, mimi niliyeshika chaki miaka yote hiyo nilijua hakuna darasa la namna hiyo duniani. Sikuuliza. Nilifurahi. Nikawapelekea wakuu. Ukipima vizuri, uongo wangu ulisafiri mbali kuliko wako.

Daftari lako uliloandika robo, litie kwenye bahasha. Nitalisahihisha na kulirudisha kila Ijumaa, kwa kalamu nyekundu kama ya mtu mwingine yeyote. Hilo halimhusu mkuu yeyote.

Bupe mwombe radhi. Kabla sharti halijaanza, Jumatatu.

Vaileth


Mtoni, 16/5/2025

Shikamoo mwalimu.

Daftari limerudi, nimeona. Makosa ya kipindi cha tisa nimeyarudia, yapo ukurasa wa nyuma. Fomu ya wiki hii kajaza Mwalimu Benson mwenyewe, usishtuke na namba. Ameandika 41 kati ya 138.

Bupe nilimwomba radhi asubuhi ile ya Jumatatu kabla kengele haijapigwa. Akaniuliza, kwani wewe si mwalimu? Nikamwambia hapana, mie fundi. Akasema yeye alijua siku nyingi, walimu hawanukii risasi.

Masharti nimeyashika. Wiki ya kwanza rimoti alikuwa nayo Mwalimu Benson. Vipindi vitatu vikaisha vyote, hakusimamisha hata mara moja. Watoto waligeuka nyuma siku mbili za kwanza, siku ya tatu wakaacha. Wakaanza kungoja jibu litoke. Niliangalia waya zangu. Mwalimu, ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri.

Ijumaa ile baada ya kipindi akanifuata pale kwenye betri. Akaniuliza hii ya kusimamisha nilikuwa nafanyaje. Nikamwambia nilikuwa nabonyeza tu. Akasema ameona madaftari ya mwezi wa tatu, yana makosa mengi ila hayafanani. Ya wiki hii yanafanana yote. Akanipa rimoti. Akasema, "Kaa nayo wewe. Nitakuwa nakuambia simamisha, nitakuwa nakuambia washa." Nikaona hilo halivunji sharti.

Juzi Jumatano ilikuwa kipindi cha kumi na tatu. Robo tatu ya machungwa ishirini ni mangapi. Mwalimu Benson akasema simamisha, nikasimamisha. Akapita kati ya madawati, mikono nyuma, sijawahi kumwona anapita vile. Upande wa pili wa ukuta darasa la tatu wameanza kupiga madawati, unajua wakikaa wenyewe. Haijafika hata dakika akaangalia saa yake. Akasema, "Washa."

Mie hapo nilipokaa namwona Deogratias kwa mgongoni. Alikuwa anachora viduara. Amechora ishirini, ameanza kuvifunga vitano vitano, amefunga makundi mawili, kalamu iko kwenye la tatu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Nikasema, "Bado, mwalimu."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Darasa zima likageuka nyuma. Huyu mwalimu hajawahi kuambiwa bado na mtu, hata mwalimu mkuu nadhani. Akaniangalia. Nikajua anakuja kuchukua rimoti, nikamnyooshea kabisa.

Hakuichukua. Akaja mpaka nyuma, akaangalia ninapoangalia. Akasimama pale nyuma ya Deogratias kimya. Darasa la tatu waliendelea kupiga madawati, mmoja akaanza kuimba, akawaacha waimbe. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Zilikuwa zaidi ya mbili. Halafu akanitikisia kichwa, nikabonyeza.

Deogratias alikosa. Aliandika kumi na sita, kuna kiduara alikihesabu mara mbili. Ila wa kulia kwake aliandika sitini, wa kushoto hakuandika kitu, kwa hiyo ile kumi na sita ni ya kwake mwenyewe. Mwalimu Benson aliiangalia muda mrefu kabla hajaiwekea kosa.

Nakuandikia hili usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Mwanafunzi sijaongea naye hata mmoja. Nimeongea na mwalimu. Uniambie kama na hiyo imekatazwa, maana Jumatatu ni kipindi cha kumi na nne, kile cha chapati ya Bupe.

Jamali